Akili Timamu Kabla ya Sahihi: Afya ya Ubongo Katika Maandalizi ya Kustaafu na Mirathi

Mtumishi anayekaribia kustaafu huandaliwa kwa semina nyingi. Huelezwa namna ya kujaza fomu za mfuko wa hifadhi ya jamii, namna ya kufuga kuku, namna ya kujenga nyumba ya kupangisha na namna ya kuwaepuka matapeli. Jambo moja husahaulika karibu kila mara: mipango yote hiyo inategemea kiungo kimoja cha mwili, nacho ni ubongo wa mstaafu mwenyewe. Ubongo ndio unaokumbuka namba ya siri ya benki, unaopima iwapo bei ya kiwanja ni ya haki, na unaomtofautisha ndugu mwenye shida ya kweli na jirani mwenye tamaa. Tena ndio ambao sheria huutazama inapouliza kama wosia ulioachwa ni halali.

Kiungo hicho nacho huzeeka, na mara nyingine huugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, yaani hali ya kupungua kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujiendesha inayotokana na maradhi ya ubongo. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, utafiti uliofanywa katika jamii wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana demensia, takribani mtu mmoja kati ya kila 16.

Kwa hiyo mpango wa fedha na mirathi ni sehemu ya huduma ya afya ya mzee. Una wakati wake wa kufanyika, na wakati huo hupita kimyakimya. Mgonjwa anayeujua huweza kuutumia; mtoa huduma anayeujua huweza kumkumbusha.

Fedha hutangulia kuonyesha dalili

Kusimamia fedha ni kazi nzito kwa ubongo. Huhitaji kumbukumbu, hesabu, umakini, busara na uwezo wa kukataa, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana uwezo huu huanza kuyumba mapema katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Internal Medicine uliwafuatilia wazee zaidi ya 80,000 nchini Marekani. Ulibaini kwamba waliokuja kugunduliwa kuwa na demensia walianza kukosa kulipa madeni yao kwa wakati hadi miaka sita kabla ya daktari kuutambua ugonjwa.

Katika mazingira ya Tanzania dalili hizo huvaa sura nyingine. Mzee aliyekuwa mwangalifu hununua umeme wa LUKU mara tatu kwa siku moja. Mwalimu mstaafu aliyefundisha hisabati humkabidhi wakala wa miamala simu pamoja na namba ya siri ili amfanyie kila kitu. Mtu aliyechukia madeni maisha yake yote hugundulika kuwa amechukua mikopo ya kausha damu sehemu mbili. Mama aliyekuwa mweka hazina wa kikoba hushindwa kueleza hesabu za mwezi uliopita, kisha huwatuhumu wenzake kuwa wamemwibia. Familia huona aibu, hugombana, na kuamini kuwa mzee amebadilika tabia. Ni wachache wanaofikiria kumpeleka kliniki.

Kukosea hesabu siku moja si ugonjwa. Kinachopaswa kuzingatiwa ni mabadiliko: jambo ambalo mtu alilimudu kwa miaka, sasa halimudu, na kosa linajirudia. Wala si kila mabadiliko ni demensia. Sonona, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo, maambukizi ya VVU, pombe, baadhi ya dawa za usingizi, na damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, vyote vinaweza kuvuruga fikra, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Mzee asiyesikia vizuri au mwenye mtoto wa jicho naye huweza kudhaniwa kuwa amepungukiwa akili, kumbe hajasikia swali au hajaona noti.

Mkupuo na pensheni ya mwezi

Hatari ya kupungukiwa uwezo huu huwa kubwa zaidi pale fedha nyingi zinapofika kwa wakati mmoja. Kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022 huchukua idadi ya miezi ambayo mtumishi amechangia, huigawa kwa 580, kisha huzidisha kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka. Sehemu ya kiasi hicho huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi. Mwaka 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 iliupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilipata asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa lile lililopata asilimia 25.

Chukulia mfano wa muuguzi aliyechangia kwa miezi 360, yaani miaka 30, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi milioni 12 kwa mwaka, na aliye katika kundi la asilimia 40. Pensheni yake kamili kwa mwaka ni takribani shilingi 7,448,000. Mkupuo wake utakuwa kama shilingi milioni 37.2, na pensheni yake ya mwezi kama shilingi 372,000. Kwa maneno mengine, mkupuo huo ni sawa na pensheni ya miezi 100, zaidi ya miaka minane, iliyowekwa mkononi kwa siku moja.

Mjadala wa umma kuhusu kikokotoo umeegemea zaidi ukubwa wa mkupuo, na wastaafu wana haki ya kulijadili hilo. Kwa jicho la tabibu, hata hivyo, pensheni ya mwezi ina faida ambayo haisemwi sana. Humlinda mtu dhidi ya kosa moja kubwa. Mzee aliyetapeliwa pensheni ya mwezi mmoja atapata nyingine mwezi ujao. Aliyetapeliwa mkupuo wote hana pa kuanzia. Kwa sababu hiyo matumizi ya mkupuo yafaa kupangwa kwa maandishi kabla haujaingia benki, na yapangwe na watu wawili au zaidi: mstaafu, mwenza wake, na mtu mmoja anayeaminika asiye na maslahi katika fedha hizo. Bima ya afya nayo iulizwe mapema: ni nani ataendelea kuhudumiwa baada ya ajira kukoma, na ni nani atatoka kwenye orodha ya wategemezi. Mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu asilisubiri jibu hilo hadi siku atakapolikuta kwenye dirisha la dawa.

Maana ya akili timamu

Wosia wowote, kwa sheria yoyote inayotumika nchini, humtaka anayeuandika awe na akili timamu. Neno hili hutumiwa na wengi kana kwamba mtu ama ana akili zote ama hana kabisa. Sheria na tiba hazilitazami hivyo.

Kesi inayorejewa mara nyingi katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza ni ile ya Banks dhidi ya Goodfellow, iliyoamuliwa mwaka 1870. John Banks alikuwa ameugua maradhi ya akili kwa miaka mingi, akiamini kwamba anafuatwa na mashetani na mtu aliyekwisha kufa. Aliandika wosia akamwachia mali mpwa wake. Mahakama iliukubali wosia huo, kwa kuwa imani zake potofu hazikuwa na uhusiano wowote na namna alivyogawa mali. Kutokana na kesi hiyo yakapatikana mambo manne ya kuangaliwa. Je, mtu anaelewa kwamba anaandika wosia na kwamba utafanya kazi baada ya kifo chake? Je, anazijua mali zake kwa ujumla? Je, anawakumbuka watu wenye haki ya kufikiriwa, hata kama ataamua kutowapa? Je, yuko huru na imani potofu ya kiugonjwa inayomfanya amkatae mtu ambaye vinginevyo angempa?

Mambo mawili yanafuata kutokana na hapo. La kwanza, jina la ugonjwa peke yake halimnyang'anyi mtu haki. Mwenye demensia ya awali anaweza kuwa na uwezo kamili wa kuandika wosia rahisi. Aliyepata kiharusi na kupoteza usemi anaweza kuelewa kila kitu na kujibu kwa ishara, kwa kichwa au kwa kuonyesha picha. La pili, uwezo hupimwa kwa jambo husika na kwa wakati husika. Mtu anaweza kuweza kusema nani arithi nyumba yake moja, lakini asiweze kupima mkataba wa mkopo wenye riba ya kupanda na kushuka.

Alama za kipimo cha kumbukumbu nazo hazitoshi kuamua. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kupitia utafiti uliofanyika Hai, kinafaa kwa wazee ambao hawakupata elimu ya darasani. Mojawapo ya majaribio yake ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Ni chombo kizuri cha kubaini nani anahitaji uchunguzi zaidi. Hakijibu swali la nani anaweza kuandika wosia. Hilo hujibiwa kwa mazungumzo kuhusu wosia wenyewe.

Dole gumba wodini

Kila hospitali kubwa huijua picha hii. Mgonjwa yuko hoi, ndugu wamejaa, na mmoja wao ana karatasi na kidau cha wino. Anaomba muuguzi awe shahidi wakati dole gumba la mgonjwa linabonyezwa. Huruma humsukuma muuguzi kukubali. Dakika tano baadaye amekuwa sehemu ya kesi ambayo huenda ikadumu kwa miaka.

Mgonjwa mahututi mara nyingi hupatwa na mkanganyiko wa ghafla wa akili unaosababishwa na maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka au kupanda, figo kushindwa kazi, upasuaji au dawa kali za maumivu. Hali hii hubadilika ndani ya saa chache: asubuhi mtu anazungumza vizuri, jioni hamtambui mwanawe. Wengine hawapigi kelele wala kuhangaika. Hulala kimya na kuitikia "ndiyo" kwa kila swali, na ukimya huo hudhaniwa kuwa ni ridhaa. Njia rahisi ya kuutambua ni kupima umakini, kwa mfano kumwomba mgonjwa ataje siku za juma kinyumenyume. Anayepotea njiani hana uwezo wa kuamua mambo ya mali kwa saa hiyo. Atibiwe kwanza. Wengi hurejewa na fahamu zao baada ya siku au majuma machache, na wosia unaweza kuandikwa wakati huo kwa heshima zote.

Sheria ya Kiislamu nayo iliitambua hatari hii zamani. Zawadi anayoitoa mtu akiwa katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia: haivuki theluthi ya mali, na haipiti kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Wanazuoni waliona kwamba mtu aliye kwenye kizingiti cha kifo yuko katika hali inayohitaji ulinzi.

Njia za mirathi nchini

Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi kwa watu wote. Zipo sheria za kimila, sheria ya Kiislamu, na sheria ya kiserikali inayotokana na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Marehemu asipoacha maelekezo, mahakama hutazama namna alivyoishi ili kuamua ni ipi itumike, na hapo ndipo ndugu hugawanyika. Zanzibar ina utaratibu wake, ambamo Mahakama ya Kadhi husikiliza mirathi ya Waislamu.

Kwa kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili, ambao miongoni mwao yupo wa ukoo na asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma huhitaji mashahidi wanne, na wosia wa mdomo nao huhitaji wanne. Kwa sheria ya kiserikali mashahidi ni wawili au zaidi, na shahidi aliyeandikiwa urithi katika wosia huo huupoteza. Kwa Waislamu, wasia huishia kwenye theluthi. Mali iliyobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyowekwa.

Anayeumia zaidi pale wosia unapokosekana ni mjane. Kanuni hizo za kimila hazimpi mjane fungu la urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Humwachia matunzo ya watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania irekebishe kanuni hizo. Mume anayempenda mkewe na kuahirisha wosia kila mwaka anamwacha mikononi mwa kikao cha ukoo.

Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ambako hauwezi kuchanwa wala kufichwa na ndugu. Jambo la msingi ni kwamba watu wawili angalau wajue upo na uko wapi.

Miaka kati ya uzima na kifo

Wosia hufanya kazi baada ya kifo. Demensia yaweza kudumu miaka mingi kabla ya hapo, na ndiyo miaka ambayo familia nyingi hazikuipangia lolote. Wengi hutegemea hati ya uwakilishi, inayompa mtoto au ndugu mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mzee. Lakini kwa Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma pale aliyeutoa anapopoteza akili timamu. Hati inayotazamiwa kumwokoa mzee hufa siku ileile anapoihitaji.

Kuanzia hapo njia ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya asiyejiweza kiakili, na taarifa ya daktari huwa na uzito mkubwa. Familia inayoendelea kutoa fedha kwa kadi ya mzee bila idhini hiyo huona kuwa inasaidia, lakini haina kinga siku mmoja wao atakapouliza hesabu.

Mambo kadhaa hupunguza mzigo huo yakifanywa mapema: kuwa na akaunti moja ya kupokelea pensheni badala ya nne, kuweka kikomo cha miamala ya simu, kuwa na akaunti inayohitaji sahihi mbili kwa fedha kubwa, na kusahihisha majina yanayotofautiana kati ya kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja na kumbukumbu za mfuko. Tofauti ya herufi moja, ambayo mwenye jina angeitolea kiapo kwa siku moja, huweza kumsumbua mjane kwa miezi.

Wajibu wa mtoa huduma

Mtoa huduma si wakili, wala hatakiwi kumshauri mgonjwa amwachie nani mali. Kazi yake ni nyingine. Kliniki ya kisukari, shinikizo la damu au wazee inaweza kuongeza swali moja: "Mzee wangu, siku hizi nani anashughulikia fedha zako, na kuna mabadiliko yoyote?" Jibu lake laweza kufichua ugonjwa mapema, au unyanyasaji wa kifedha unaoendelea nyumbani.

Anapoombwa kupima uwezo wa mgonjwa kuhusu wosia, azungumze naye faraghani, kwa lugha anayoimudu, bila mkalimani mwenye maslahi katika mali. Aulize maswali ya wazi, kama vile "Una mali gani?", asiulize "Nyumba ya Kibaha ni yako, siyo?" Aandike tarehe, saa, dawa alizotumia mgonjwa, waliokuwapo, na majibu kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kumbukumbu ya namna hiyo, iliyoandikwa siku ileile, ina thamani kuliko cheti cha mstari mmoja kilichotolewa baada ya mwaka. Yaliyomo katika wosia ni siri ya mgonjwa hata mbele ya mtoto anayelipia matibabu. Na mtoa huduma asikubali kuwa mrithi wa mgonjwa anayemhudumia.

Pale demensia inapogunduliwa mapema, mazungumzo ya siku hiyo yasiishie kwenye dawa. Mgonjwa aambiwe kwa upole kwamba bado ana uwezo, kwamba uwezo huo huenda ukapungua, na kwamba miezi inayofuata ni ya kuandika wosia, kukusanya hati, kumteua atakayemsemea kuhusu matibabu na kuzungumza na familia akiwa yeye mwenyewe ndiye mwenyekiti wa kikao. Kumficha utambuzi kwa nia ya kumpa moyo ni kumnyima nafasi hiyo.

Kwa aliye mzima, maandalizi yanaanza kwenye mwili wenyewe. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kudhibiti visababishi 14, miongoni mwake shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe kupita kiasi, upotevu wa usikivu, sonona na upweke. Mstaafu anayemeza dawa zake za presha kila siku, anayevaa kifaa chake cha kusikilizia na anayetoka nyumbani kukutana na wenzake anailinda pensheni yake pia. Amalize na lililobaki: afungue daftari, aorodheshe mali na madeni yake, aandike majina ya wanaomtegemea, na apange siku ya kwenda kuandika wosia kabla ya tarehe ya kliniki ijayo.